Somo la Kiingereza: «Make up» ni Kupatana au Kusema Uongo?



Sisi Wakongomani tumezoea Kifaransa katika ofisi. Lakini wenzetu waliokimbilia Uganda wanakuta huko Kiingereza ni lugha ya serikali. Leo tujifunze maneno mawili mafupi: «make», kufanya, na «up», juu. Yakiwekwa pamoja hayana maana ya «kufanya juu». Yana maana nyingine, tena zaidi ya moja.

1. Kupatana baada ya ugomvi.
«We made up with our neighbours.» Tulipatana na majirani zetu.

2. Kutunga jambo lisilo la kweli.
«He made up the story.» Alibuni habari hiyo. Uvumi unaochochea chuki mara nyingi huanza hivi.

3. Kufidia.
«We want to make up for the damage.» Tunataka kufidia hasara.

4. Kuundwa na watu au vitu.
«The committee is made up of ten women and ten men.» Kamati ina wanawake 10 na wanaume 10.

Angalieni hatari iliyopo. Tuseme mkimbizi anaeleza jinsi alivyokimbia kijiji chake. Afisa anamwuliza: «Did you make this up?» Yeye anajua maana ya kwanza tu, anadhani anaulizwa kama amepatana na adui zake. Anajibu kwa moyo mweupe: «Yes.» Kumbe amekubali kwamba habari yake ni ya uongo!

Basi sikilizeni neno linalofuata. Likiwa «with» na jina la mtu, ni kupatana. Likiwa «for», ni kufidia. Likiwa «of», ni kuundwa. Lakini mkisikia habari, hadithi au neno «this» likiwa katikati, mara nyingi ni kutunga. Na msipoelewa swali, msione haya: ombeni lirudiwe, au ombeni mkalimani, kabla ya kujibu.

Zoezi: Someni pamoja nyumbani, kisha mtafsiri:
«Someone made up lies and the two families fought. Later they made up.»

Jibu: Mtu fulani alitunga uongo, na familia mbili zikapigana. Baadaye zikapatana.

Maneno ni yale yale. Ya kwanza yalibomoa, ya pili yalijenga.