Mlima, Jasho na Mto: Somo kutoka Njia ya Sanje

Njia ya miguu iendayo kwenye maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, hupanda mteremko mkali ndani ya msitu. Maji huanguka kwa ngazi, jumla ya mita 170 hivi, na kutoka juu mpandaji huliona bonde la Kilombero limetandazwa chini na mashamba yake ya miwa. Kwa wanafunzi, safari hiyo ni somo la fizikia lisilohitaji ubao. Kwa nini kupanda huchosha? Na kwa nini mto uliopendeza asubuhi waweza kuua alasiri?

Kupanda

Mwanafunzi wa kilo 60 apandaye kimo cha mita 400 hufanya kazi dhidi ya mvutano wa dunia. Kazi hiyo ni 60 × 10 × 400, yaani jouli 240,000 au kilojouli 240. Lakini misuli ya binadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati inayotumia kuwa kazi. Hivyo mwili hutumia kilojouli 960 hivi, na 720 kati ya hizo huwa joto.

Joto hilo sharti litoke. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke huchukua kilojouli 2,400 hivi. Basi kilojouli 720 zahitaji lita 0.3. Hicho ni kiasi cha chini, kwani mwendo wa kwenda mbele na mzigo wa mgongoni havimo katika hesabu. Tena, jasho hupoza mwili linapogeuka mvuke, si linapodondoka. Msituni hewa hujaa unyevu na upepo huwa haba: jasho hutiririka, nalo joto hubaki mwilini. Kwa sababu hiyo mpandaji mwenye busara hupunguza mwendo kabla ya kushikwa na kizunguzungu, na hunywa maji mara kwa mara.

Kushuka

Wengi hudhani kushuka ni kupumzika. Kwa kweli misuli ya mapaja huuzuia mwili usiporomoke, nayo hujikaza huku ikivutwa. Kazi ya namna hiyo huiumiza misuli. Miguu hutetemeka na hukosea hatua kwa urahisi.

Kuvuka mto

Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikipanda milima hupoa na kuleta mvua. Mvua yaweza kunyesha juu huku jua likiwaka bondeni; mto ukafurika pasipo wingu kuonekana. Kani ya maji yasukumayo miguu huongezeka kwa mraba wa mwendokasi: mwendo ukizidi mara mbili, kani huzidi mara nne, ukizidi mara tatu, mara tisa. Papo hapo maji yenye kina huuinua mwili, na msuguano wa nyayo juu ya mawe hupungua. Maji yakibadilika rangi, yakibeba majani na vijiti, au mngurumo ukizidi, kundi lirudi mahali pa juu na kungoja. Kuchelewa kurudi shuleni si hasara ikilinganishwa na uhai wa mwanafunzi mmoja.

Zoezi

Mwalimu wa kilo 75 hupanda mita 300. Wanafunzi watafute kazi anayofanya, joto linalozalishwa mwilini mwake, na jasho linalohitajika kuliondoa joto hilo.