Tapeli Hana Pembe Kichwani

Je, wewe unamfikiriaje tapeli? Wengi wetu tunamfikiria mtu wa macho mekundu anayejificha vichochoroni. La hasha! Tapeli hana pembe. Anaongea vizuri, anakuita "mdogo wangu", na pengine jina lako analijua. Ndiyo maana hata watu wazima wenye akili zao wanalizwa. Hebu tuzitazame mbinu zake.

1. "Mwanao ameanguka!"

Ni saa nne asubuhi, wewe uko darasani. Simu ya mama inaita: "Mimi mwalimu wa zamu. Mwanao ameanguka, tumemkimbiza hospitali. Inatakiwa hela ya dawa sasa hivi." Mama anatetemeka, anatuma. Kumbe wewe uko buheri wa afya, unafanya hesabu zako!

Hapa tapeli ametumia hofu. Mtu mwenye hofu hafikiri, anatenda tu. Kinga yake ni rahisi: mpe mzazi namba ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule. Mkubaliane kwamba simu kama hiyo ikija, anakata kwanza, halafu anapiga mwenyewe kwenye namba mnayoijua.

2. "Ile hela itume kwenye namba hii"

Meseji hii Watanzania wengi wameshaipata. Inatumwa ovyo kwa watu wengi, maana kati yao hakosekani mmoja aliyekuwa anataka kumtumia mtu hela kweli.

Ndugu yake ni ile ya "Umepokea shilingi 50,000", kisha sauti ya huruma: "Samahani, nimekosea namba, nirudishie." Usiamini meseji, angalia salio lako. Na hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, wao ndio warudishe. Ukimtumia wewe, na yeye akaomba muamala wake urudishwe, utakuwa umelipa mara mbili.

Namba ya siri ni kama mswaki: haiazimwi, hata kwa mpenzi. Anayekupigia akiiulizia, kata simu, hata akisema anatoka kwenye mtandao wenyewe.

3. "Panda leo, vuna kesho"

Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, ambako watu wengi walikuwa "wamepanda mbegu" wakisubiri kuvuna hela nyingi zaidi. Hakukuwa na shamba wala kiwanda. Wa mwanzo walilipwa kwa hela za waliokuja nyuma yao.

Chukua kalamu upige hesabu. Mtu mmoja anaingiza watu 5. Kila mmoja wao anaingiza 5, wanakuwa 25, halafu 125, halafu 625. Ukifika hatua ya 11, jumla ya wote ni 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, vichanga na vikongwe humo humo! Nani ataingia hatua ya 12? Hakuna. Na wale wa hatua ya mwisho, ambao ni wanne katika kila watano, wameliwa.

Majina hubadilika: safari hii ni kundi la simu, kesho ni "kazi" ya kutazama video baada ya kulipa kiingilio. Mchezo ni ule ule. Tena sheria inaukataza, kwa hiyo ukimwingiza rafiki yako na wewe unajiweka pabaya.

Ukishalizwa, usinyamaze

Tuseme ulipewa hela ya ada, ukaipanda, ikapotea. Usingizi haupatikani, tumbo linauma, vitabu havisomeki. Hapo ndipo kijana anapoingia kwenye shimo la pili: anakopa, anaiba, au anakubali "msaada" wa mtu mzima ambaye baadaye atadai alipwe kwa mwili. Hela iliyopotea inaweza kutafutwa tena. Mimba usiyoitaka au virusi vya UKIMWI ni mzigo mwingine kabisa.

Kwa hiyo sema mapema. Mwambie mzazi, shangazi au mwalimu unayemwamini. Piga huduma kwa wateja haraka, pengine hela haijatolewa. Ripoti polisi. Na meseji ya tapeli itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Watakugombeza? Huenda. Lakini kugombezwa kunapita.

Kumbuka dalili tatu: anakuharakisha, anataka hela kwanza, anakuambia iwe siri. Ukiziona, simama. Dili la kweli litakusubiri mpaka umuulize mkubwa wako.

Jadilini darasani

- Kwa nini tapeli hataki uombe ushauri?
- Rafiki yako ameliwa hela ya ada na anaona aibu kusema nyumbani. Utamsaidiaje?