SOMO LA USHIRIKA: MFINYANZI AFUNDISHAPO UFINYANZI WA MKONO

Wahenga walisema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Methali hii humgusa hasa mfinyanzi aliyeombwa na chama chake awafundishe wenzake. Siku afundishapo hafinyangi vyungu vya kuuza; na kila mwanafunzi afuzupo huweza kuwa mshindani wake sokoni. Chama kisipoyafikiri mambo haya mawili, mwalimu atafundisha nusu na kuficha nusu. Somo hili linaeleza namna ya kuyapanga mafunzo ili ufundi upatikane pasipo kumfilisi mwenye ufundi.

1. Mwalimu abaki mfinyanzi

Mikono hujifunza kwa kutazama mikono. Miongoni mwa Wakisi wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na binti huupata kwa kukaa kando ya mzazi afanyaye kazi ya kuuza. Mfano mwingine ni Ladi Kwali wa Nigeria, aliyejifunza ufinyanzi katika ukoo wake. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha mafunzo cha Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko alijifunza gurudumu pia, lakini mitungi iliyompatia sifa aliijenga kwa mkono, na hata Uingereza alikwenda kuonyesha kazi hiyo mbele ya watu. Alifariki mwaka 1984, na sura yake imechapwa katika noti ya Naira 20. Aliyefundisha hakuiacha kazi yake.

2. Mafunzo yaanzie kwenye udongo

Mwalimu huujua udongo kwa vidole, lakini mwanafunzi hana bado vidole hivyo. Kwa hiyo apewe kipimo. Atengeneze kipande bapa, achore juu yake mstari wa sentimita 10, kisha aupime baada ya kukauka na baada ya kuchomwa. Ukibaki sentimita 9, udongo umenywea kwa asilimia 10. Udongo unywao mno hupasuka. Dawa yake ni kuchanganya mchanga au vigae vilivyopondwa. Mwanafunzi apime kwa kopo na kuandika daftarini kila mchanganyiko aliojaribu.

3. Kujenga chungu

Kwanza hufanywa kitako, kisha kamba za udongo hupandishwa moja juu ya nyingine, kila moja ikifinywa mpaka ishikamane na ya chini yake. Sehemu ya chini iachwe ikaze kidogo kabla ya kuongeza, la sivyo chungu kitabonyea kwa uzito wake. Hatimaye huparuzwa kisha husuguliwa kwa kokoto laini.

Mwalimu asikitwae chungu cha mwanafunzi akakirekebisha. Ajenge chake kando, polepole, ili aonekane. Chungu kikianguka, kikatwe katikati kwa waya. Hapo mwanafunzi ataona kwa macho yake mahali ukuta ulipokuwa mnene na ulipokuwa mwembamba. Udongo uwahi ungali maji: kosa lionyeshwe mapema.

4. Kukausha na kuchoma

Chungu kikauke kivulini, mbali na upepo mkali. Moto uanze mdogo, kwani maji yaliyobaki hugeuka mvuke yafikapo nyuzi 100 za Sentigredi na kukipasua. Joto lisipofika karibu nyuzi 600, udongo haujawa kigae bado. Kipande kilicholowekwa usiku kucha kikalainika hakijaiva, na chungu cha namna hiyo kisiuzwe kwa jina la chama.

5. Haki ya mwalimu

Wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha chama chao mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia 2½ ya faida yao kwa elimu. Nacho chama cha wafinyanzi kitenge fungu kama hilo, na kamati ikubaliane na mwalimu kwa maandishi kabla ya somo la kwanza:

(a) siku ya kufundisha ilipwe sawa na thamani ya vyungu ambavyo angefinyanga siku hiyo;
(b) mafunzo yasiwekwe siku ya gulio wala siku yake ya kuchoma;
(c) wanafunzi waliofuzu wauze kupitia chama, kwa bei moja kwa kila daraja, ili pasiwe na wa kumvunjia mwalimu bei.

Katibu aandike malipo hayo katika vitabu vya hesabu kama gharama nyingine yoyote. Si zawadi wala hisani. Mwalimu aonapo kwamba ujuzi wake hautageuzwa silaha dhidi yake, hatakuwa na sababu ya kuuficha.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Chungu kimoja humchukua mfinyanzi wenu saa ngapi, tangu kukanda hadi kusugua? Siku yake ya kazi ina thamani gani?
2. Ni wafinyanzi wangapi wa chama chenu ambao ufundi wao haujarithiwa na mtu yeyote?
3. Mafunzo yakianza mwezi ujao, fedha zitatoka fungu gani?