BINGWA ANG'ATUKE LINI?
Somo la kusoma na kujadiliana



Siku moja tulimaliza somo mapema katika kituo kimoja cha kisomo hapa Kilosa. Lakini watu hawakuondoka. Kijana mmoja alikuwa amesikia kwenye redio habari za bondia bingwa aliyezeeka ambaye anataka kurudi ulingoni. Basi ubishi ukawaka.

Mzee mmoja aliyekata mkonge kwa miaka mingi alisema, "Mwacheni apigane. Hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nani aliniambia niache mkonge?"

Vijana wakapiga makofi. Mama mmoja akainua mkono, akasema, "Mnabishana bure. Kamwulizeni mkewe. Akilala kitandani, ndiye atakayemlisha uji."

Darasa likanyamaza.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mikumi kwa kazi. Niliwauliza wanakisomo wa huko swali lile lile. Huko nako ubishi ukawa mkubwa. Mmoja wao, dereva wa lori, alisema, "Gari kuukuu likitunzwa linafika Tunduma." Mwenzake akamjibu, "Gari lina spea, bwana. Kichwa cha mtu hakina spea."

Ndiyo maana nimeandika somo hili. Tusibishane kwa kukisia. Hebu tuangalie habari za bondia ambaye dunia nzima inamjua, Muhammad Ali wa Marekani.

ALI ALIPOKUJA TANZANIA

Mwezi wa Februari 1980 Ali alikuja Dar es Salaam. Hakuja kupigana. Alitumwa na Rais wa Marekani, Jimmy Carter, aziombe nchi za Afrika zisiende Moscow kwenye michezo ya Olimpiki. Sababu yake ni kwamba majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Rais Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ilikwenda Moscow, na wakimbiaji wetu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Wakati huo Ali alikuwa na umri wa miaka 38. Alikuwa amekwisha kuchukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mara tatu: mwaka 1964, mwaka 1974 na mwaka 1978. Mwaka 1979 alitangaza kwamba amestaafu. Heshima anayo, jina analo. Kama angekomea hapo, pengine somo hili lisingeandikwa.

Lakini miezi minane baada ya safari ile, Ali alirudi ulingoni.

PAMBANO LA 1980

Tarehe 2 Oktoba 1980 Ali alipigana na Larry Holmes huko Marekani. Holmes alikuwa na miaka 30. Zamani alikuwa kijana wa kumsaidia Ali kufanya mazoezi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa bingwa.

Kwa nini Ali alirudi? Aliahidiwa dola milioni 8. Tena alitaka kuwa bingwa mara ya nne. Fedha na sifa, vyote viwili vilimwita.

Je, hakuonywa? Alionywa. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alikuwa ameacha kazi tangu mwaka 1977. Aliona kwamba figo za Ali zimeanza kuharibika kwa mapigo. Aliandika barua kwa Ali, kwa mkewe na kwa meneja wake. Hakujibiwa.

Holmes alimpiga Ali raundi kumi. Ali hakuweza hata kurudisha ngumi sawasawa. Mwalimu wake, Angelo Dundee, akasema basi, pambano limekwisha. Holmes alishinda, lakini hakufurahi. Alilia kwa sababu ya mtu aliyempiga.

Je, Ali aliacha? Hakuacha. Tarehe 11 Desemba 1981 alipigana tena, kule visiwa vya Bahamas, na Trevor Berbick. Akashindwa kwa pointi. Hapo ndipo alipoacha.

Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba Ali ana ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huu hutetemesha mikono, huufanya mwili kuwa mzito na huondoa sauti. Mtu aliyesifika kwa maneno mengi kuliko mabondia wote, akawa anaongea kwa shida. Aliishi hivyo mpaka alipofariki tarehe 3 Juni 2016.

Madaktari wote hawakubaliani kwamba ngumi ndizo zilizoleta ugonjwa ule. Lakini hakuna daktari anayesema kwamba ngumi zilimsaidia.

NA FOREMAN JE?

Najua mtu atauliza, "Mbona George Foreman alirudi akashinda?"

Ni kweli, na ni lazima tuseme kweli. Foreman ndiye aliyepigwa na Ali mjini Kinshasa, mwaka 1974. Mwaka 1977 aliacha ngumi akawa mhubiri. Alikaa miaka kumi bila kupigana, akarudi mwaka 1987. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha bingwa Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Akachukua tena mkanda wa dunia.

Kwa hiyo umri peke yake si jibu. Tusihesabu miaka tu, tuhesabu na ngumi zilizoingia. Katika miaka ile kumi Foreman hakupigwa kichwani ulingoni. Ali aliendelea kupigwa. Hata siku ile ya Kinshasa aliyoshinda, Ali alijiegemeza kwenye kamba akamwacha Foreman ampige mpaka achoke. Watu walisifu akili yake. Ni wachache waliofikiri juu ya mzigo ambao mwili wake ulibeba usiku ule.

Tena Foreman ni mmoja. Mvua ikinyesha vizuri mwaka mmoja, mkulima mwenye busara hauzi akiba yake yote ya chakula.

NGUMI HUFANYA NINI KICHWANI?

Ubongo ni laini. Umekaa ndani ya fuvu, umezungukwa na maji kidogo. Fikiria mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Akijikwaa na kusimama ghafla, ndoo husimama, lakini maji hurukia upande mmoja. Ndivyo ubongo unavyofanya kichwa kinapopigwa. Unatikisika na kugonga fuvu.

Jeraha la ngozi unaliona, na likipona unaona. Jeraha la ubongo hulioni, na mara nyingi haliponi lote. Madhara hujikusanya kidogo kidogo. Daktari mmoja Mmarekani, Harrison Martland, aliandika habari hizi tangu mwaka 1928.

Dalili zake ni hizi:
1. Kusahausahau.
2. Kuongea kwa kuvuta maneno.
3. Kuyumba wakati wa kutembea.
4. Mikono kutetemeka.
5. Hasira za ghafla ambazo hakuwa nazo zamani.

Dalili hizi zinaweza kuchelewa miaka mingi. Ndiyo maana bondia husema, "Mimi mzima kabisa." Hadanganyi. Hajui tu.

NANI AAMUE?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Bingwa aliyezeeka akiamua peke yake, ataamua vibaya. Kwa nini? Kwa sababu anaukumbuka mwili wake wa zamani. Promota naye anakula kwake. Watazamaji wamelipa kiingilio cha usiku mmoja, asubuhi wamekwenda zao.

Aamue pamoja na watu ambao hawapati senti kwa ngumi zake: daktari, mke, wazazi, na mwalimu anayempenda. Mwaka 1975, mjini Manila, Ali alipigana na Joe Frazier. Baada ya raundi ya 14 macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, karibu haoni. Ilibaki raundi moja tu. Frazier alitaka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, alikataa. Frazier alishindwa pambano lile, lakini alirudi nyumbani kwa watoto wake.

Sisi Watanzania tunalo neno zuri, kung'atuka. Tulilisikia sana Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Aliondoka wakati watu bado wanamtaka. Kung'atuka si kushindwa. Ni kuondoka ukiwa bado umesimama.

Mkoa wetu wa Morogoro ni mkoa wa mabondia. Mwaka 2013 Francis Cheka wa Morogoro alimpiga Phil Williams wa Marekani na kuchukua ubingwa wa dunia wa WBF. Vijana wengi wa Kilosa na Mikumi wanataka kuwa kama yeye. Ni vizuri. Lakini kijana anapoanza ngumi, familia imwulize mapema: utaacha lini, na ukiacha utakula nini? Bondia mwenye shamba, au ufundi, anaweza kukataa pambano baya. Asiye na kitu hawezi kukataa.

Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Tuizime ngoma kabla haijapasuka.

MANENO YA KUJIFUNZA
Kung'atuka: kuacha cheo au kazi kwa hiari.
Promota: mtu anayeandaa mapambano na kupata fedha.
Fuvu: mfupa wa kichwa unaofunika ubongo.

HESABU
1. Ali alipigana mapambano 61 ya kulipwa. Alishinda 56. Alishindwa mangapi?
2. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1960, akaacha mwaka 1981. Ni miaka mingapi?
3. Ugonjwa wake ulitangazwa mwaka 1984, akafariki mwaka 2016. Ni miaka mingapi? Linganisha na jibu la swali la 2. Ipi ni mingi zaidi?

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini Foreman aliweza kurudi na Ali hakuweza?
2. Kama wewe ungekuwa Futch, ungemzuia Frazier? Kwa nini?
3. Je, kuna kazi nyingine hapa kijijini ambayo watu huiendeleza mpaka inawaumiza? Nani awaambie waache?