SOMO: Mahindi yatatukataa lini?

Tukikutana na wakulima wa Ismani, Iringa, swali hili halikosi kuulizwa. Wataalamu hawawezi kutaja mwaka kwa kila kijiji, lakini wanayo njia ya kukadiria. Huchukua mahitaji ya zao, yaani joto, mvua na urefu wa msimu, wakayalinganisha na hali ya hewa inayotarajiwa, kisha wakahesabu miaka. Mwaka mmoja mbaya si hoja. Hoja ni pale miaka mibaya inapoanza kulingana na mizuri.

Utafiti ulioongozwa na Ulrike Rippke mwaka 2016 ulikadiria kuwa kufikia mwisho wa karne hii, hadi asilimia 30 ya maeneo ya mahindi kusini mwa Sahara huenda yakahitaji mabadiliko makubwa, hata kuacha zao hilo. Kwa maharage ni asilimia 60. Sisi tunaochanganya mahindi na maharage tusihofie mahindi peke yake!

Taarifa ya Taifa ya mwaka 2003 ilikadiria mahindi kupungua kwa asilimia 33 nchi nzima, 84 Dodoma na Tabora, lakini 10 hadi 15 tu Mbeya na Songea. Wengi wetu tulifarijika. Hata hivyo wastani huficha mengi. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Likiongezeka nyuzi 2, shamba la Uyole, lililo karibu mita 1,800, litapata joto la shamba la mita 1,500 hivi. Hapo mahindi bado hustawi. Ismani iko chini zaidi, na mvua yake ni haba.

Tusisingizie hali ya hewa kwa kila jambo. Ismani ilikuwa ghala la mahindi miaka ya 1950 na 1960, na ardhi ilichoka kwa kulimwa mfululizo bila kurutubishwa. Udongo uliochoka huisogeza karibu siku ile tunayoiuliza.

Basi kila kaya iwe na daftari: mvua ilianza lini, mbelewele zilitoka lini, magunia mangapi. Ikiwa miaka mitano kati ya kumi haikulisha nyumba, tenga robo eka ya mtama msimu ujao, mathalani mbegu ya Macia, ungali na mahindi ghalani. Ndege watasumbua, na watoto watanung'unikia ugali wake. Ni afadhali kuyajua hayo kwenye robo eka.