Programu ya Kupigia Muziki na Ubora wa Sauti: Mwongozo kwa Mafundi Mitambo na Ma-DJ

Mwongozo huu unawahusu wanaopata riziki kwa kupiga muziki kutoka kwenye kompyuta: mafundi mitambo wa redio, ma-DJ wa harusi, wasimamizi wa sauti kumbini na katika nyumba za ibada. Unajibu swali ambalo watu wengi wamelilipia fedha bila sababu: je, ukibadili programu ya kupigia muziki, sauti inakuwa bora?

Kwa faili lilelile na mipangilio isiyoguswa, hapana. Rekodi ya kidijitali ni mfululizo wa tarakimu. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila chaneli, kila sampuli ikiwa na biti 16. Programu huzisoma tarakimu hizo, huzifungua kama faili limebanwa, kisha huzikabidhi kwa kadi ya sauti. Kadi ndiyo inayozigeuza kuwa umeme. Ni sawa na namba ya simu: akusomee mtoto au hakimu, ukiipiga anapokea mtu yuleyule.

Kwa sababu hiyo, dai kwamba WAV inasikika vizuri kuliko FLAC halina msingi. FLAC hubana bila kupoteza kitu, na ndani yake huhifadhi alama ya ukaguzi ya MD5 inayotokana na sauti ya asili, ili yeyote aweze kuthibitisha kwamba kilichofunguliwa ndicho kilichofungwa. Wala kunakili faili kutoka diski moja hadi nyingine hakulichoshi. MP3 ni habari tofauti: hutupa sehemu ya sauti ili kupunguza ukubwa, na kilichotupwa hakirudi. Anayechukua MP3 ya kilobiti 128 na kuigeuza FLAC amepata faili kubwa lenye kasoro zilezile. Ukitaka sauti bora, anza hapo, kwenye chanzo cha wimbo.

Mbona basi watu makini, wenye masikio mazuri, huapa kwamba wamesikia tofauti? Mara nyingi wameisikia kweli, ila wamekosea chanzo chake. Sauti iliyozidi kwa desibeli 1 tu huenda isitambulike kuwa imeongezwa. Msikilizaji huiona iko wazi zaidi, ina besi zaidi, ina uhai. Na programu mbili ni nadra kutoa kiwango kimoja cha sauti zikiwa kama zilivyosakinishwa. Moja imewasha ikwalaiza. Nyingine inasawazisha ukubwa wa nyimbo, na kwa hiyo imepunguza. Nyingine, kama VLC, inaruhusu kupandisha sauti kupita asilimia 100; wimbo uliorekodiwa kwa kiwango cha juu ukisukumwa hivyo, vilele vya mawimbi hukatwa na sauti hukwaruza.

Kabla ya kununua chochote, zima ikwalaiza na kila kinachoahidi kunogesha sauti, ndani ya programu na ndani ya mfumo wa kompyuta. Weka sauti ya programu asilimia 100, isizidi, kisha rekebisha kwenye mikseri. Kadi ya sauti iwekwe kwenye sampuli 44,100 ikiwa nyimbo zako nyingi ni za kipimo hicho. Ubadilishaji wa kipimo katika mifumo ya kisasa ni vigumu kuusikia, lakini hakuna haja ya kuufanya.

Katika Windows zipo programu zinazoweza kuishika kadi ya sauti peke yake kwa njia ya WASAPI. Hutangazwa kama siri ya sauti safi. Faida yake kwako ni nyingine, na ni kubwa: mlio wa ujumbe hauwezi kupenya hadi kwenye spika wakati wa dua au maziko. Kwa hilo tu inafaa kutumiwa.

Bado unashuku? Pima kwa haki. Piga mlio wa hezi 100 hivi kwa kila programu, upime volti za AC kwenye waya wa spika kwa multimita, na urekebishe hadi tofauti isizidi asilimia 1. Kisha mwenzako abadilishe programu kwa kurusha sarafu, wewe ukiwa huioni skrini, nawe utaje ipi inapiga. Rudia mara 16. Anayebahatisha atapata nane hivi; kufikisha 12 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 4 katika 100. Mwaka 2007, Meyer na Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society majaribio ya aina hii, wakilinganisha rekodi za kiwango cha juu na zilezile zilizopitishwa kwenye kipimo cha CD. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554, yaani nusu. Ikiwa kushusha kipimo chenyewe hakukusikika, kubadili kidirisha cha programu kuna nafasi ndogo zaidi.

Muungurumo na mikwaruzo midogo inayofuata mwendo wa kipanya nayo husingiziwa programu. Chomoa chaja ya kompyuta. Kelele ikikoma, tatizo ni mzunguko wa athi kati ya chaja na mikseri, na dawa yake ni DI yenye transfoma kati ya kompyuta na mikseri. Usikate wala kuziba pini ya athi ya plagi ili kuiondoa kelele. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mshika maikrofoni asipigwe na umeme. Muziki ukikatikakatika hata bila chaja, ongeza bafa katika mipangilio ya programu na ufunge kazi nyingine zinazoilemea kompyuta. Hapo programu inahusika kweli, na marekebisho yake hayalipiwi.