Ukali Peke Yake Si Malezi

Ndugu zetu, kwa nini mtoto aliyekuwa msemaji nyumbani, akishabaleghe huwa kimya mbele ya wazazi wake, na siri zake akawapelekea wenziwe wa barazani? Wengi husema ni utovu wa adabu. Sisi twaona mara nyingi ni khofu.

Mwaka 1966 Diana Baumrind, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, aliyagawa malezi mafungu matatu: ya amri tupu isiyo maelezo, ya kulegeza kila jambo, na ya kati, yenye mipaka thabiti pamoja na mapenzi na kusikilizana. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kuwa vijana waliolelewa kwa njia ya kati, kwa kawaida, huwa na huzuni na wasiwasi kidogo kuliko wenziwao.

Wala hili si geni kwetu. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka 10, ndiyo miaka ya kubaleghe kwake, akasimulia kuwa hakupata kumkemea.

Basi tukikataza, tueleze sababu. Na kijana akikosa, tumsikilize kabla ya kumhukumu. Anayetuogopa hutuficha maradhi ya moyo wake, nasi hatuyajui ila yamekwisha komaa.